Mtunzi: Hajulikani

Julai Sumbawanga baridi haina mzaha. Jua linawaka, anga halina wingu, lakini ukisimama kivulini dakika mbili unatafuta sweta. Julai moja nilipanda kutoka Mbeya kwenda harusini kijijini kwetu, upande wa Matai, na kama kawaida yangu nikafika nimechelewa. Ibada ilishaanza. Nikajipenyeza benchi la nyuma, nikapewa karatasi ya nyimbo, nikaanza kutafuta wamefika wapi.

Wakati wa matoleo kwaya ilianza wimbo ambao niliujua kabla haujaingia kanisani. Nimekua nao. Bibi yangu aliuimba na wenzake wawili kwenye jiwe la kusagia ulezi, miaka ambayo mashine ya kusaga ilikuwa mbali na hela ya kusagisha haikupatikana kila wiki. Maneno yamebadilishwa. Zamani ulikuwa wimbo wa binti aliyeolewa bondeni, kule chini Rukwa kwenye joto, anawaambia waliobaki juu jinsi anavyoikumbuka baridi ya kwao. Sasa umekuwa wimbo wa mkulima anayeleta mavuno mbele ya altare. Lakini sauti ni ileile. Kuna mahali katikati ya mstari inashuka ghafla, kama mtu aliyefika ukingoni mwa uwanda na kuliona bonde lote chini yake. Ilipofika hapo nikasisimka kama nilivyokuwa nikisisimka utotoni.

Nikatazama karatasi. Chini ya jina la wimbo kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema, "Mtunzi: Hajulikani." Wa pili ulisema, "Mpangaji," halafu likafuata jina kamili la mwalimu wa kwaya, mpaka na herufi ya jina lake la kati.

Bibi alikuwa benchi la tatu kutoka mbele. Sweta la kijani, kitenge begani. Alikuwa anaitikia.

Tangu siku ile neno hilo, "hajulikani", halijaniacha. Tunaliandika kirahisi mno. Tunaliandika kana kwamba ni taarifa kuhusu mtunzi, wakati mara nyingi ni taarifa kuhusu sisi wenyewe. Ili nilielewe, ilinibidi nipitie kwa wanawake wawili walioishi mbali sana na Ufipa: mmoja Mwingereza wa karne ya 17, mwingine wa kwetu, wa Unguja.

Mwingereza kwanza, maana yeye ndiye aliyenichokoza. Anaitwa Mary Dering. Alizaliwa mwaka 1629 akiwa Mary Harvey, binti wa mfanyabiashara wa London. Baba yake mdogo au mkubwa, sijui tungemwitaje kwa hesabu zetu, alikuwa William Harvey, yule tabibu aliyewaeleza watu kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Mary aliolewa na Sir Edward Dering, akawa bibi mkubwa wa heshima, na alijifunza muziki kwa Henry Lawes, mwanamuziki wa mfalme. Mfalme huyo alikatwa kichwa mwaka 1649. Lawes akabaki bila ajira ya ikulu, akawa anaishi kwa kufundisha muziki kwenye nyumba za wenye nacho. Mwaka 1655 alichapisha kitabu chake cha pili cha nyimbo, akakitabaruku kwa mwanafunzi wake huyo, na ndani yake akaweka nyimbo tatu ambazo muziki wake aliutunga Mary mwenyewe. Maneno yalikuwa ya mumewe.

Nyimbo tatu basi. Kwa hizo tatu anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwingereza kuchapishiwa muziki kwa jina lake. Aliishi karibu miaka 50 zaidi, akafa mwaka 1704, na hizo tatu ndizo tulizonazo.

Kilichonishika katika habari zake ni njia aliyopita jina mpaka likafika kwetu. England ya wakati ule haikukosa wanawake waliojua muziki. Binti wa tajiri alifundishwa kuimba na kupiga ala kama anavyofundishwa kushona. Tofauti ya Mary na wengine ni kwamba mwalimu wake alikuwa na kitabu kinachokwenda kuchapwa, na mwalimu huyo akaona vema kuandika: hizi ni zake. Mstari mmoja tu wa kalamu. Bila Lawes, Mary Dering angekuwa "hajulikani" kama bibi yangu, pamoja na utajiri wote ule na ndugu wa baba yake aliyegundua siri ya damu.

Sasa tuje nyumbani.

Siti binti Saad hahitaji kutambulishwa sana kwa wasomaji wa Kiswahili, lakini nadhani tumemzoea mpaka tumeacha kumshangaa. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake Mzigua, yaani damu ya bara pande zote mbili. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Lisome tena: Mtumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali mpaka 1897, kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nchi ambayo jina lake lilikuwa bado ni hali ya mtu kisheria.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ufinyanzi, aliyojifunza kwa mama yake. Alifinyanga vyungu, akavipeleka mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti njiani. Tunaambiwa ilikuwa sauti ya kufika mbali, watu wakamjua kwa sauti kabla ya sura. Karibu mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko akakutana na Ali Muhsin, mtu wa kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1905, na huyo akamfundisha kuimba kitaarabu.

Hapa inafaa kukumbuka taarabu ilikuwa nini wakati huo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki ili apige ikulu. Ulikuwa muziki wa baraza la sultani, wa wanaume, na uliimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke aliyetoka Fumba na vyungu kichwani hakuwa na kiti humo. Siti alijifunza kuimba kwa Kiarabu na aliimba mbele ya wakubwa, lakini kilichomtoa ni kwamba yeye na kikundi chake waliifanya taarabu iseme Kiswahili, tena Kiswahili cha mitaani, cha Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya mji wa mawe, walikoishi wapagazi, mafundi, wauza samaki na watu waliokuwa watumwa jana.

Nao waliokuwa na fahari walimcheka. Walimtungia nyimbo za kumkumbusha alikotoka na umaskini wake, wakasema hata uzuri wa sura hana. Akawajibu kwa wimbo. Na jina Mtumwa likafa njiani, akawa Siti, yaani bibi, mtu wa heshima. Fikiria hilo kidogo. Kuna wasanii wanaobadili jina ili wapendeze kwenye tangazo. Huyu alibadili jina kutoka "mali ya mtu" kwenda "bibi", na mji mzima ukaliitikia.

Machi 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice iliwasafirisha Siti na wenzake mpaka Bombay kurekodi. Alikuwa anakaribia miaka 50. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyetangulia kusikika hivyo kwenye santuri za kibiashara. Katika miaka michache iliyofuata zilirekodiwa nyimbo zaidi ya 200. Santuri za wakati ule zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo wimbo uliozoea kukesha na watu mpaka alfajiri ulibanwa utoshee humo. Hata hivyo zilinunuliwa, zikasafiri. Watu wa pwani na wa bara ambao wasingefika Unguja maishani walimsikia kwenye gramafoni.

Aliimba nini? Aliimba mapenzi, ndiyo, lakini aliimba pia mahakama. Wimbo wake unaojulikana kwa jina la "Kijiti" ulitokana na kisa cha kweli. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Mwanamume aitwaye Kijiti akamlaghai, wakaenda naye nje ya mji, na huko akamuua. Muuaji akavuka bahari, akatokomea bara. Wanawake wawili waliokuwa wamempokea mgeni huyo walikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na wao ndio wakahukumiwa, kwa sababu ya pombe waliyokuwa wamechukua kwenda nayo. Mwenye damu mikononi yuko huru, mashahidi wako ndani. Siti na wenzake wakaugeuza wimbo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na faili la kesi, mji ukawa na wimbo. Hebu niambie kipi watu walikumbuka.

Sasa, nani aliyetunga nyimbo hizi?

Hapa ndipo habari inaponoga, na hapa ndipo nilipoanza kumuelewa bibi yangu. Siti hakuwa peke yake. Walikuwapo Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaban. Walikusanyika nyumbani kwake usiku pamoja na majirani na rafiki. Habari za siku zililetwa: nani kahukumiwa, nani kadhulumiwa, mkubwa gani kala fedha za nani. Huyu alitoa ubeti, yule akarekebisha neno, mwingine akatafuta sauti ya kuubeba. Siti mwenyewe hakupata shule ya darasani. Nyimbo nyingine alizitunga yeye, nyingine zilitoka kwa wenzake, nyingine zilichemka kwenye chungu kimoja hata kutenganisha chumvi na maji isiwezekane. Kwenye santuri lililobaki ni jina lake.

Kwa hiyo Siti na bibi yangu wanasimama pande mbili za tatizo moja. Kwa mmoja, kazi ya wengi imekaa chini ya jina moja. Kwa mwingine, kazi ya watu watatu imekaa chini ya "hajulikani". Katika hali zote mbili karatasi ina nafasi ya mstari mmoja tu, na ukweli ni mrefu kuliko mstari.

Lakini usinielewe vibaya, hali hizo mbili hazilingani. Tunawajua wenzake Siti kwa sababu tunamjua Siti. Jina moja likiandikwa, mengine yana mahali pa kushika. Na Siti tunamjua kwa undani kwa sababu mtu alikwenda kumuuliza. Mtu huyo ni Shaaban Robert. Alikutana naye mwishoni mwa maisha yake, akazungumza naye, na baada ya Siti kufariki tarehe 8 Julai 1950 akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake aliketi kumsikiliza mwanamke aliyeanza na vyungu, akaona maisha yake yanastahili kitabu. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Laura Fair alikwenda Zanzibar kuwauliza wazee nyimbo zile zilikuwa zinamsema nani, na kitabu chake cha mwaka 2001 kimejaa majibu yao. Bila wazee hao, "Kijiti" ungebaki wimbo mzuri wenye jina la mtu tusiyemjua.

Unaona mfululizo ulivyo? Lawes akaandika jina. Shaaban Robert akauliza. Fair akauliza. Kila mahali ambapo mtunzi mwanamke amejulikana, nyuma yake kuna mtu aliyeuliza.

Na Ufipa je? Waulizaji walikuja. Wamisionari wa Afrika walifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka ziwani wakapanda uwandani. Kanisa likatia mizizi kwetu kiasi kwamba leo ukitaka kusikia muziki wa Ufipa, kwaya ndiyo unayokutana nayo kwanza. Miaka ya 1960 alikuja mwanaanthropolojia Roy Willis, akaandika kwa bidii simulizi zetu. Ndiye aliyeiandika vizuri simulizi ya Milansi: mfalme amekwenda kuwinda, wanawake wageni wanaingia, na aliporudi akakuta kigoda cha enzi kimeshakaliwa. Kutoka kwa wanawake hao ukatokea ukoo wa Watwa uliotawala Ufipa. Nchi yetu, kwa maneno mengine, inajisimulia kuwa ilianza upya siku mwanamke alipokalia kiti. Mwandishi yeyote wa kwetu anayesema wanawake wa Ufipa hawana nafasi katika historia ya Ufipa hajaisikiliza hadithi yake ya kwanza.

Simulizi ziliulizwa, basi. Nyimbo za jiweni nani aliziuliza?

Usiku wa ile harusi, wageni walipopungua, nilimfuata bibi jikoni. Alikuwa karibu na moto, miguu ameinyoosha. Nikamsalimia upya, maana kanisani tulisalimiana kwa macho tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umechelewa kanisani, nilikuona."

Nikajitetea na basi. Hakunisikiliza. Nikamuuliza, "Bibi, ule wimbo wa matoleo, si ule wa kwenu?"

"Upi?"

"Ule wa jiweni."

Akacheka. "Eeh, ule. Wameuvalisha viatu."

"Aliutunga nani?"

"Hakuna aliyetunga. Tulikuwa tunasaga."

Nilikaribia kukata tamaa hapo. Nikajisemea, kumbe karatasi ilikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimetoka kusoma habari za nyumba ya Siti usiku, kila mtu na ubeti wake, kwa hiyo nikabadilisha swali. Sikumuuliza tena nani alitunga. Nilimuuliza, "Maneno ya binti wa bondeni yalitoka wapi?"

"Hayo ni yangu," akajibu mara moja, bila kufikiri. "Si dada yangu alikuwa ameolewa bonde? Nilikuwa namsema yeye."

"Na nani alikuwa anaanza?"

Akamtaja wifi yake. Huyo ndiye aliyekuwa na mkono wa kasi, akisukuma jiwe ndiye anayepanga mwendo, na wengine wanaufuata. Nani asiyejua kusaga hatajua hili: jiwe ndilo ngoma. Unapiga magoti, unasukuma mbele kwa uzito wa mwili, unavuta nyuma kwa wepesi. Mbele ni kizito, nyuma ni chepesi. Ndiyo maana wimbo ule hata leo, na kinanda chote kile, bado unaegemea mbele. Mwalimu wa kwaya ameuandika kwa noti, sauti nne, lakini goti la wifi ya bibi bado limo humo ndani.

"Na ile sehemu inayoshuka?" nikauliza. Hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja. Nilishajitengenezea maelezo yangu: ni bonde la Rukwa, ni ukingo wa uwanda, ni msanii wa asili anayechora nchi yake kwa sauti. Nilishaanza kuyaandika kichwani.

Bibi akanyamaza kidogo. Akamtaja rafiki yake, marehemu sasa, aliyekuwa wa tatu kwenye mawe yale.

"Siku hiyo alikuwa amechoka. Alikuwa na mimba kubwa. Akafika pale katikati sauti ikamkatikia, ikaanguka. Tukacheka sana. Kesho yake tukaimba hivyohivyo, tunamtania. Basi ikabaki."

Sikuwa na la kusema. Mahali nilipokuwa nasikia bonde, palikuwa na mwanamke mjamzito aliyechoka kusaga. Niseme ukweli, sauti ile sasa naipenda zaidi.

Nikauliza swali la mwisho. "Mwalimu wa kwaya hakukuuliza?"

"Aliniuliza. Aliniuliza kama naujua wote. Nikamwambia naujua. Nikamwimbia, akaandika."

Yaani aliketi pale pale nilipoketi mimi, labda kwenye kigoda kilekile. Aliuliza wimbo, hakuuliza wenye wimbo. Bibi hakuona kosa lolote, na sitaki kumwekea mdomoni uchungu ambao hakuwa nao. Lakini nilipomsomea ile karatasi, nilipofika kwenye "hajulikani", aliinua uso. "Mimi?" akasema. "Mbona ananijua?"

Asubuhi nilikwenda kumwona mwalimu. Nilikwenda nimejiandaa kugombana, na nilikuta mtu mwema ambaye kwaya nzima inamtegemea, anayefundisha bila malipo, anayenakili noti kwa mkono usiku. Aliniambia aliamini ni wimbo wa asili. Nikamwambia hata wimbo wa asili una mwenyewe, ila wakati mwingine wenyewe ni wengi. Akafikiri. Akasema nyimbo zote za zamani alizokusanya ameziandika hivyo. Akafungua daftari lake tukapekua pamoja. Hajulikani. Hajulikani. Hajulikani. Kurasa kadhaa. Nyingi kati yake alizipata kwa akina mama wa vijiji vya jirani, na bado alikumbuka nani alimwimbia upi, ameketi wapi, anapika nini. Alikuwa anajua karibu kila kitu isipokuwa kwamba hicho alichokijua kinastahili kuandikwa.

Napenda kufikiri kwamba hili halihusu Ufipa peke yake. Wimbo wa "Muhogo wa Jang'ombe" leo vijana wengi wanauita wa Bi Kidude, kwa kuwa wameusikia kwake. Bi Kidude mwenyewe, aliyefariki Aprili 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na wimbo huo alimkuta nao Siti. Sauti hurithiana, si dhambi. Lakini ukikata uzi, anayepotea kwanza ni yule wa nyuma kabisa, aliyekuwa anasaga au anafinyanga.

Na muda hautusubiri. Mashine za kusaga zimefika kila kijiji, na sina nia ya kulilia jiwe. Bibi mwenyewe hawezi kurudi kupiga magoti yale, na magoti yake ndiyo ushahidi. Lakini nyimbo za jiweni zilikuwa na mahali pa kukaa, na mahali hapo hapapo tena. Zimebaki mbili tatu zilizohamia kanisani, zikavaa viatu kama alivyosema, na waliozitunga wanaondoka mmoja mmoja. Mwanahistoria wa miaka 50 ijayo atafungua karatasi zetu za kwaya kama sisi tunavyofungua kitabu cha Lawes. Atakuta mpangaji, mpiga kinanda, tarehe na mahali. Kwenye mtunzi ataamini tulichomwandikia.

Mwalimu alichukua kalamu, akakata neno "hajulikani" kwenye nakala yake. Akaniuliza aandike nini. Nikamtajia majina matatu. Akasema mstari hautoshi, nikamwambia apunguze herufi ya jina lake la kati. Akacheka, tukaelewana.

Jioni nilimpelekea bibi karatasi mpya. Yeye husoma kwa kufuatisha kidole. Alifika kwenye jina lake, la kwanza kati ya matatu, akasimama hapo. Kisha akanirudishia.

"Mwambie aanze na marehemu," akasema. "Sisi wengine bado tunaweza kuulizwa."